Utunzi wa Watu Wawili: Prince Jully na Princess Jully katika Benga ya Migori

Uhakiki wa nyimbo za dansi umezoea kuanza na swali la mtunzi: wimbo huu ni wa nani? Swali hilo tumelirithi kutoka katika uhakiki wa ushairi wa maandishi, ambamo ubeti wa tamati hutaja jina la malenga na pengine mji wake, na msomaji akaridhika. Katika benga ya Nyanza ya Kusini swali hilo halijibiki kwa wepesi. Benga huimbwa kwa sauti mbili zinazokwenda sambamba. Hupigwa kwa magita mawili yanayosemezana, la solo na la rizimu, juu ya besi isiyotulia. Tena mara nyingi bendi husimamishwa na watu wawili, hata pale ambapo jalada la sahani linamtaja mmoja tu.

Mfano ujulikanao zaidi ni wa Ochieng Nelly na Collela Mazee, walioanzisha Victoria Jazz mwaka 1972. Nyimbo zao zilitoka kwa majina zaidi ya moja, Victoria Jazz na Victoria Kings miongoni mwake, na mwaka 1993 baadhi yake zilikusanywa tena na kampuni ya GlobeStyle ya London. Msikilizaji akijaribu kutenga mchango wa mmoja na wa mwenziwe hupata taabu, na taabu hiyo ndiyo sifa ya kazi yenyewe. Sahani za aina hii zilisambazwa na Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki aliyekuja kuwa mbunge wa Homa Bay. Chapa zake zilifika mbali kiasi kwamba huko Zimbabwe majina ya Kanindo na Sungura yaligeuka kuwa majina ya aina za muziki. Ni nadra mno jina la msambazaji kuishi kuliko jina la mtunzi. Hilo lingestahili makala ya peke yake.

Makala haya yanahusu jozi nyingine ya wasanii, ya baadaye na ya huzuni zaidi: Prince Jully na mkewe Lilian Auma, aliyejulikana kote kwa jina la Princess Jully. Prince Jully ndiye aliyeiongoza Jolly Boys Band ya Migori, bendi ya benga iliyoimba kwa Kijaluo. Mkewe aliingia katika muziki kwa njia yake. Mume alifariki mwaka 1997, na mjane akashika uongozi wa bendi. Wimbo uliomtoa Migori na kumfikisha katika kila redio ya Kenya, "Dunia Mbaya", ulivuma mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Ulihusu UKIMWI. Princess Jully aliendelea kuimba kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, hadi alipofariki Oktoba 2023.

Wimbo huu umezoeleka kutajwa katika orodha za nyimbo za kuelimisha umma juu ya UKIMWI, na huko umefungwa. Mwenye kuutaja hueleza dhamira yake kwa sentensi moja, kwamba unaonya watu wajihadhari, kisha huendelea na wimbo mwingine. Hatukatai kwamba unaonya. Tunachodai ni kwamba nguvu yake inatoka mahali pengine: katika maneno mawili ya Kiswahili ya jina na kiitikio chake, na katika hali ya yule aliyeyatamka, mwanamke aliyekuwa amebeba jina la marehemu na bendi ya marehemu kwa wakati mmoja. Ili kulionyesha hilo yatubidi tuanze na lugha.

Migori ni mji wa njia kuu. Barabara itokayo Kisii hupita hapo kuelekea Isebania, mpakani mwa Tanzania. Kusini ya mji ndiko nchi ya Wakuria ilipo. Magharibi ni ziwa, Karungu na Muhuru. Kaskazini ni mashamba ya miwa ya Awendo. Hadi mwaka 1992 sehemu hizi zilikuwa ndani ya wilaya ya South Nyanza, ambayo makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Leo Migori na Homa Bay ni kaunti mbili jirani. Mjaluo, Mkuria, Msuba, Mkisii, Mluhya na Msomali hukutana katika soko la Migori, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Tusisahau pia kwamba mpaka haukuzuia muziki. D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz na mmoja wa wakuu wa benga, alizaliwa upande wa Tanzania, eneo la Shirati, akajenga jina lake Kenya. Kwa hiyo mwanamuziki wa Migori akitia Kiswahili katika wimbo wa Kijaluo hajaazima kitu cha mbali. Anatumia lugha iliyopo mlangoni pake, ile anayonunulia samaki na kulipia nauli.

Hata hivyo kuchagua ni kuchagua. Benga kwa jumla ilibaki waaminifu kwa Kijaluo, na pale ilipohamia Kiswahili sababu kwa kawaida ilikuwa soko. Gabriel Omolo, kwa mfano, aliwafikia wafanyakazi wa mijini mapema katika miaka ya 1970 kwa wimbo wake "Lunch Time" ulioimbwa kwa Kiswahili. Sababu ya soko haiwezi kukataliwa katika "Dunia Mbaya" pia. Lakini haitoshi, kwa kuwa Kijaluo chenyewe kilikuwa tayari na maneno ya msiba huu, na maneno hayo yalikuwa na uzito ambao mjane huenda asingependa kuubeba jukwaani.

Tuyaangalie. La kwanza ni *chira*. Kwa imani ya Wajaluo chira ni ugonjwa wa kukonda na kudhoofika unaompata mtu, au mtu wa nyumba yake, baada ya kuvunjwa mwiko, yaani *kwer*. Dalili za UKIMWI zilifanana na za chira, na watu wengi waliuelewa ugonjwa mpya kwa jina la kale. Sasa neno hili halitaji ugonjwa tu, bali lina mashtaka ndani yake: kuna mtu aliyekosea. Na miongoni mwa makosa yanayosemwa kuleta chira ni mjane kukataa *tero*, desturi ya mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu. Mwanamke aliyefiwa akiimba kwa neno hili atakuwa ama anamshtaki marehemu, ama anajiweka yeye mwenyewe kizimbani.

La pili ni *ayaki*, jina la Kijaluo la UKIMWI wenyewe, linalotokana na kitenzi *yako*, kupora au kunyakua. Neno hili lina mtendaji: mporaji amekuja na kuchukua. Ni jina zuri kwa ushairi, lenye meno, na linasema kweli kuhusu jinsi nyumba zilivyomalizwa. Lakini mporaji ameingiaje? Nani alimfungulia mlango? Picha hiyo humrudisha msikilizaji kwenye swali lile lile la nani alimletea nani.

Majirani nao walikuwa na yao. Uganda walisema *slim* kwa kukonda. Kagera, ambako ugonjwa ulionekana mapema katika miaka ya 1980, waliuita *Juliana* kwa jina la nguo ya fasheni iliyoingia kwa magendo, na hapo lawama zikaangukia wafanyabiashara wa mpakani na wanawake waliopokea zawadi zao. UKIMWI, kifupisho cha upungufu wa kinga mwilini, ni neno la kamati, safi na baridi. Halimlaumu mtu, wala halimlilii mtu.

Katikati ya majina hayo yote tusikilize sasa *dunia mbaya*. Mwanaisimu ataona kwanza kwamba maneno haya mawili yana sura mbili za kisarufi. Yaweza kuwa kirai, nomino na kivumishi chake, kama mtu atajavyo kitu bila kusema lolote juu yake. Yaweza pia kuwa sentensi kamili iliyoacha kishirikishi *ni*, kama tusemavyo *maisha magumu* au *hali mbaya* tunapoulizwa habari. Katika mazungumzo, lafudhi na kituo huamua. Katika wimbo unaorudiwarudiwa juu ya magita, lafudhi humezwa na mahadhi, na maneno yakabaki yakielea kati ya kutaja na kuhukumu. Mwimbaji anaita, na papo hapo anatoa hukumu. Msikilizaji hawezi kusema ni lipi kati ya hayo mawili analolisikia. Kijaluo kina neno *piny*, lenye maana ya nchi, ardhi na ulimwengu, nalo limeimbiwa sana katika nyatiti na benga. Lakini piny ni mahali panapokaliwa na watu, penye makaburi ya wazee. Dunia ya Kiswahili imekuja na mzigo mwingine. Imetoka katika Kiarabu ikiwa na akhera ubavuni pake, na katika ushairi wa pwani ilikwisha kuwa mhusika: mdanganyifu, mwenye kuvutia, asiyedumu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika *Al-Inkishafi* aliuonya moyo wake usihadaike na dunia, na ushahidi wake ukawa magofu ya Pate. Hatusemi kwamba mwimbaji wa Migori alisoma utenzi huo. Tunasema neno halisahau lilikopita. Kila Mswahili, wa pwani au wa bara, anajua kwamba dunia ikilaumiwa hakuna mtu aliyelaumiwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kiswahili kilimpa Princess Jully tamko lisilo na mshtakiwa. Halisemi mume alikosa, halisemi mke alikosa, halisemi mwiko ulivunjwa. Alikuwa amesimama mbele ya bendi iliyofunzwa na mume, akiitwa kwa jina la mume, mbele ya watu waliokuwa wakimtazama kwa maswali. Akataja dunia. Ni jepesi mno kuusoma wimbo kama cheti cha kifo, na wapo wahakiki wa magazeti wanaodhani kazi yao ni kupekua nani alikufa kwa nini. Hiyo si kazi ya mhakiki, na kwa wimbo huu ni kosa la usomaji pia, maana wimbo wenyewe umejengwa ili kuukataa upekuzi wa namna hiyo.

Tulinganishe na wengine. Franco alitoa "Attention na SIDA" mwaka 1987, akisimama kama mzee anayeamuru mji usikilize. Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza mwaka 1989 kwamba yeye mwenyewe ameambukizwa, akaimba na kuzunguka nchi yake, na akafariki Desemba ya mwaka huo. Mmoja anasema kwa mamlaka, wa pili anasema kwa mwili wake. Princess Jully hakuwa na mamlaka ya Franco. Sauti yake ni ya aliyebaki, na aliyebaki ndiye ambaye fasihi yetu ya UKIMWI imemsahau mara nyingi. Kumbukumbu ya miaka inasaidia: Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984, na Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999. Makadirio rasmi ya mwaka 2014 yaliweka maambukizi ya watu wazima Homa Bay katika asilimia 25.7 na Migori asilimia 14.7, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 6. Katika fuo za ziwa hali ilizidishwa na biashara ya *jaboya*, ambamo mchuuzi mwanamke hulazimika kulala na mvuvi ili apate samaki. Wimbo ulitoka katika nyumba hizi kabla serikali haijalitangaza janga hilo kwa kinywa kipana.

Jambo la pili ni hali ya mjane kama kiongozi wa bendi. Kijaluo humwita mjane *chi liel*, mke wa kaburi. Jina hilo lina maana ya kisheria kuliko ya huzuni: mwanamke bado ni mke, na ndoa haikukatika, ameolewa na kaburi hadi desturi ifanywe. Tukilisikia jina hilo, jina la jukwaani la Princess Jully halibaki kuwa pambo. Amelichukua jina la mume na kulitia mbele cheo cha kike cha Kiingereza, akawa mke wa jina. Kisha akawa mkuu wa bendi iitwayo *Boys*. Hatujui bendi nyingine yenye kinaya kama hicho katika jina lake, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Katika fasihi simulizi ya Wajaluo msiba una mgawanyo wa kazi. Wanawake huomboleza kwa sauti na kwa wimbo. Mwanamke hulia akiliendea boma la msiba na kutunga papo hapo, akimtaja marehemu, jamaa zake na mambo aliyoyaacha. Mpiga nyatiti, ambaye kwa desturi ni mwanamume, huketi na ala yake ya nyuzi nane, akamsifu marehemu na waliohudhuria, akapewa fedha. Pamoja na hayo huenda *pakruok*, majisifu ambayo msikilizaji hulipia ili ajitape au atapwe mbele ya watu huku muziki ukingoja. Benga iliurithi upande wa mpiga nyatiti: magita yalichukua mapigo ya nyuzi zile, na mwimbaji akachukua kazi ya kutaja majina na kupokea fedha, hasa katika matanga, ambako bendi hukesha. Upande wa maombolezo ya mwanamke ulibaki nje ya bendi, uani.

Princess Jully aliuingiza. Kwa kushika nafasi ya mumewe alishika nafasi ya mpiga nyatiti, lakini alikuja na haki ya mwombolezaji, ambayo mwanamume hakuwa nayo. Hili ndilo tunaloliita utunzi wa watu wawili. Mapigo, mtindo, wanamuziki na jina la bendi ni urithi wa Prince Jully. Maombolezo ni ya mkewe. Wimbo umetokea pale hayo mawili yalipokutana, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuzikwa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutenganisha haki za mtunzi na haki za mtendaji jukwaani, na kwa mahakama mgawanyo huo unafaa. Kwa mhakiki wa benga haufai sana. Kitu gani kitahesabiwa kuwa utunzi, maneno tu? Basi magita ya Jolly Boys yatahesabiwa kuwa nini?

Yako maswali matatu ambayo msomaji wa jarida hili atataka yajibiwe. La kwanza ni kama wimbo huu ni fasihi ya Kiswahili. Mjadala wa miaka ya 1970 na 1980 juu ya fasihi ya Kiswahili ni ipi ulihangaika na utamaduni wa mtunzi na lugha ya kazi, na mara nyingi ulikuwa ukiwaza kitabu. Wimbo wa Kijaluo wenye kiitikio cha Kiswahili haukuwa na kiti katika mjadala huo. Sisi tunaona kwamba kazi ambayo hukumu yake kuu imetamkwa kwa Kiswahili, na ambayo ingepoteza maana yake kama hukumu hiyo ingetafsiriwa kwa *piny* au *ayaki*, ni mali ya Kiswahili kwa kiasi hicho, bila kuacha kuwa mali ya Kijaluo. Wanaopenda mipaka iliyonyooka hawataridhika.

La pili ni swali la lugha sanifu. Wapo wanaokunja uso wakisikia Kiswahili cha Nyanza. Katika maneno mawili tuliyoyachambua hawatapata kosa la kusahihisha. Hata *ni* iliyoachwa inaachwa na wenyeji wa Lamu kila siku. Tuendelee.

La tatu ni zito zaidi, nalo linahusu udhaifu wa wimbo. Tamko lisilo na mshtakiwa lina hasara yake. Ikiwa dunia ndiyo mbaya, mvuvi wa jaboya yu wapi? Jamaa wanaomshurutisha mjane kuingia katika tero wako wapi? Mwalimu wa afya atasema, na kwa haki, kwamba ugonjwa huu huambukizwa na matendo yanayoweza kubadilishwa, na kwamba kuisingizia dunia ni kulala. Hatuna jibu la kumnyamazisha. Maneno yale yale yaliyowafunika marehemu kwa shuka ya heshima yaliwafunika na walio hai waliostahili kutajwa. Tunachoweza kusema ni kwamba mwimbaji alilipa bei hiyo akijua anachonunua. Kama angewataja, angesikilizwa na wachache waliokwisha kukubaliana naye. Alipoitaja dunia, wafiwa wa Homa Bay, Nakuru na Mombasa waliweza kuimba pamoja naye bila mtu kumgeukia jirani yake. Kwa kipimo cha mafunzo wimbo unapungukiwa. Kwa kipimo cha maombolezo umetimia. Wanaoupima kwa kipimo cha kwanza pekee wanaitendea kazi hii dhuluma, ingawa kipimo hicho hakiwezi kutupwa.

Mwisho kuna suala la umbo ambalo uhakiki wa dhamira huliruka. Katika zama za sahani za 45, wimbo wa benga ulikuwa na pande mbili: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili magita yakachukua nafasi, kasi ikapanda, na watu wakacheza. Kaseti, zilizokuwa zimetawala soko katika miaka ya 1990, ziliondoa ulazima wa kugeuza sahani, lakini umbo likabaki. Maombolezo yaliyotiwa katika umbo hili hayana budi kufika mahali ambapo maneno hukoma na dansi huanza. Mgeni huona utovu wa heshima hapo. Mwenyeji wa Nyanza, ambaye amecheza katika matanga ya watu aliowapenda, haoni kitu cha ajabu: solo inauliza, rizimu inajibu, mwimbaji amenyamaza, na bendi inaendelea kupiga kwa mkono iliofunzwa na Prince Jully.